Sifuri Iliyovunja Rekodi

Kiumbe chenye jenomu kubwa kuliko vyote vilivyowahi kupimwa si tembo wala nyangumi. Ni kangaga. Huota Kaledonia Mpya, kisiwa cha Pasifiki kilicho chini ya Ufaransa, akiwa amejishikiza kwenye mashina ya miti na magogo, na mpita njia anaweza kumpita asijue kwamba amempita bingwa wa dunia. Jina lake la kisayansi ni Tmesipteris oblanceolata. Mwaka 2024 watafiti wa bustani ya mimea ya Kew, London, pamoja na wenzao wa Barcelona, walitangaza kwamba jenomu yake ina herufi bilioni 160 za DNA. Ya binadamu ina bilioni 3 na ushei. Ukiinyoosha DNA ya seli moja ya binadamu utapata uzi wa mita mbili hivi. Wa kangaga huyu unapita mita 100.

DNA yote hiyo ni ya nini? Sehemu kubwa haina kazi inayojulikana. Ni vipande vilivyojinakili na kujipachika hapa na pale, kisha vikajinakili tena, kwa mamilioni ya miaka, pasipo kufutwa. Na mzigo huo unalipiwa: kila seli inapogawanyika lazima uzi wote unakiliwe, hivyo seli huwa kubwa, kugawanyika huchukua muda mrefu na mmea hukua polepole. Rekodi hii naivulia kofia, lakini nusu tu. Ni ukubwa wa stoo iliyojaa vitu ambavyo hakuna aliyepata ujasiri wa kuvitupa.

Upande wa wanyama, mshindani ni jamaa tunayemfahamu. Kamongo wa Ziwa Victoria, samaki mwenye mapafu anayejichimbia matopeni maji yakikauka, kwa miaka mingi ametajwa kuwa na herufi karibu bilioni 130. Kuna wanaomla kwa raha na kuna wasiotaka hata kumwona sahanini, na ni wachache kati yao wanaojua kwamba wanamgombea bingwa. Ila idadi hiyo ilipatikana kwa kupima wingi wa DNA ndani ya seli, na kupima ni jambo moja, kusoma herufi kwa herufi ni jambo jingine. Kwa kusoma, taji lilikwenda kwa binamu yake wa Amerika Kusini, ambaye jenomu yake ilichapishwa mwaka 2024 na kundi la Axel Meyer na Manfred Schartl: herufi bilioni 91. Kati ya kromosomu zake 19, kila moja ya zile 18 ni kubwa kuliko jenomu nzima ya binadamu. Watafiti walikadiria kwamba kwa miaka milioni 100 iliyopita samaki huyu amekuwa akiongeza, kila baada ya miaka milioni 10, DNA inayolingana na jenomu nzima ya mtu mmoja, kwa kuwa ulinzi wa ndani unaopaswa kuvibana vipande vinavyojinakili umelegea.

Kwa ukongwe, taji liko Greenland. Desemba 2022 kundi la Eske Willerslev lilionyesha DNA ya miaka milioni 2 iliyong'ang'ania chembe za udongo huko Kap København, kaskazini kabisa mwa kisiwa. Mahali ambapo leo ni jangwa la baridi, udongo ulihifadhi alama za miti, sungura na hata mastodoni, mnyama wa ukoo wa tembo aliyekwisha kutoweka. Rekodi iliyotangulia, ya meno ya mamothi wa Siberia yenye zaidi ya miaka milioni moja, ilidumu chini ya miaka miwili.

Kisha kuna rekodi ya mbio. Mradi wa kwanza wa kusoma jenomu ya binadamu ulianza 1990 ukafungwa 2003, ukala dola zinazokaribia bilioni 3, na bado ukaacha mapengo ambayo hayakuzibwa hadi 2022. Mwaka huohuo wa 2022 madaktari wa Stanford wakiongozwa na Euan Ashley walitangaza kwamba wamesoma jenomu nzima ya mgonjwa kwa saa 5 na dakika 2, na Guinness wakaiandika. Mwaka 2025 wataalamu wa Boston wakaushusha muda huo chini ya saa 4.

Mtu anaweza kuuliza haraka ya nini. Mmoja wa wagonjwa wa Stanford alikuwa kijana wa miaka 13 ambaye moyo wake ulikuwa unashindwa kazi. Madaktari walikuwa na mawazo mawili: ama moyo umevimba kwa maambukizi, na hapo pana tumaini la kupona, ama ni hitilafu ya kurithi isiyorudi nyuma. Ya kwanza inataka subira. Ya pili inataka moyo mwingine, upesi. Jenomu ikasema ni ya pili, akaingizwa kwenye orodha ya kupandikizwa, na wiki tatu baadaye akapata moyo mpya. Hii ni rekodi ya namna ninayoipenda, kwa sababu kila dakika iliyopunguzwa ina mtu anayeisubiri kitandani.

Mbali, angavu, kasi

Angani rekodi hazikai. Mwaka 2016 darubini ya Hubble ilikuwa imefika kwenye galaksi GN-z11, tunayoiona kama ilivyokuwa miaka milioni 400 baada ya mlipuko mkuu ulioanzisha ulimwengu. Ikaja darubini ya James Webb, iliyorushwa siku ya Krismasi 2021 ikiwa na kioo cha mita 6.5. Mei 2024 ikatangazwa JADES-GS-z14-0: miaka milioni 290 baada ya mlipuko. Mei 2025 ikafuata MoM-z14: milioni 280.

Katika ulimwengu wenye umri wa miaka bilioni 13.8, tofauti ya milioni 10 ni ndogo mno. Kinachowakosesha wanaastronomia usingizi ni kwamba galaksi hizi zinang'aa kuliko hesabu zilivyotabiri, na si changa kama zinavyopaswa kuwa. Mwaka 2025 darubini za ALMA huko Chile zilinasa oksijeni ndani ya JADES-GS-z14-0. Oksijeni haikutoka kwenye mlipuko mkuu. Hupikwa ndani ya nyota, na hutawanyika nyota zinapokufa. Maana yake ni kwamba mapema namna hiyo tayari kulikuwa na kizazi cha nyota kilichokwisha kuzaliwa, kuishi na kufa. Kuna mtu alikosea hesabu mahali, na hadi sasa haijulikani ni hesabu ipi.

Kitu king'aacho kuliko vyote tunavyovijua ni kwasa, yaani kiini kinachong'aa cha galaksi ya mbali, iitwayo J0529-4351, iliyotangazwa Februari 2024 na Christian Wolf na wenzake wa Australia. Mwanga wake ni sawa na wa majua trilioni 500. Katikati yake kuna shimo jeusi ambalo wagunduzi hao walikadiria kwamba lina uzito wa majua kama bilioni 17 na kwamba kila siku humeza mada yenye uzito wa jua moja. Jambo la kuchekesha ni kwamba ilikuwamo kwenye picha za anga tangu 1980. Ilikuwa angavu mno hata kompyuta za kuchambua zikadhani ni nyota ya jirani.

Kwa kasi hakuna chombo kilichotengenezwa na binadamu kinachoikaribia Parker Solar Probe. Tarehe 24 Desemba 2024 kilipita kilomita milioni 6.1 tu kutoka kwenye uso wa jua kikikimbia kilomita 692,000 kwa saa. Kwa mwendo huo, Dar es Salaam hadi Nairobi ni sekunde tatu na nusu. Hakina injini ya ajabu. Ni mvuto wa jua wenyewe unaokivuta kila kinapoanguka karibu nalo.

Mashimo meusi nayo yana bingwa wao mpya. Tarehe 23 Novemba 2023 mitambo ya LIGO nchini Marekani ilinasa mtikisiko wa mawimbi ya mvutano uliodumu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Uchambuzi uliotolewa Julai 2025 ulionyesha kwamba yalikuwa mashimo meusi mawili, moja la uzito wa majua 100 hivi na jingine la 140, yaliyogongana na kuwa moja la majua kama 225. Ni mgongano mkubwa kuliko yote iliyonaswa kwa njia hiyo, na nadharia zetu za jinsi nyota zinavyokufa haziruhusu mashimo ya ukubwa huo kuzaliwa kirahisi. Huenda nayo yalizaliwa na migongano mingine kabla.

Hapa pwani yetu ina lake la kusema. Shimo jeusi la kwanza ambalo wanaastronomia walilikubali kwa dhati, Cygnus X-1, lilitiliwa nguvu na vipimo vya setilaiti ya Uhuru, ya kwanza duniani kutengwa kwa ajili ya miali ya eksirei kutoka angani. Ilirushwa tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2002. Cygnus X-1 ina uzito wa majua 21 hivi. Kutoka hapo hadi 225 ni miaka isiyofika 55.

Mengine kwa kifupi. Machi 2025 sayari ya Zohali iliongezewa miezi 128 kwa mpigo, jumla ikawa 274, ikaiacha Mshtarii mbali. Na kamera kubwa kuliko zote za kidijitali, ya megapikseli 3,200, ilianza kutoa picha Juni 2025 kwenye kituo cha Vera Rubin nchini Chile. Saa kama 10 za mwanzo zilitosha kuibua asteroidi 2,104 ambazo hakuna aliyekuwa akizijua.

Shambani

Kila mwaka wakulima wa Marekani hushindana nani atavuna mahindi mengi zaidi kwa ekari. Mwaka 2023 David Hula wa Virginia alivuna busheli 623.84. Kwa lugha ya kwetu ni zaidi ya tani 15 na nusu kwa ekari, au magunia 176 ya kilo 90. Mkulima mdogo wa Trans Nzoia au Songea akisikia hivyo atataka kujua umwagiliaji ulikuwaje, mbolea ilikwenda mifuko mingapi na mahindi hayo aliyauza bei gani, na atakuwa ameuliza maswali yaleyale ambayo hakimu wa rekodi anapaswa kuuliza. Shamba la mashindano hulelewa kama shamba la mashindano. Linaonyesha mbegu inaweza nini ikipewa kila kitu.

Rekodi ya shambani inayonivutia zaidi ni ya uvivu. Mwaka 2022 Hu Fengyi na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yunnan, Uchina, walichapisha matokeo ya PR23, mpunga unaopandwa mara moja na kuvunwa mara nane mfululizo, misimu miwili kwa mwaka kwa miaka minne. Kwa wastani ulitoa tani 6.8 kwa hekta kila msimu; mpunga wa kawaida, unaopandwa upya kila mara, ulitoa 6.7. Baada ya mavuno ya kwanza nguvu kazi ilipungua kwa zaidi ya nusu, maana hakuna tena kulima, kusia wala kupandikiza. Yeyote aliyewahi kuinama siku nzima kwenye jaruba anajua nusu hiyo ni ya mgongo wa nani. Mwaka 2021 wakulima zaidi ya 44,000 walikuwa wameulima kwenye hekta zaidi ya 15,000.

Mzazi mmoja wa PR23 ni mpunga wa kufugwa wa Asia. Mzazi wa pili ni Mwafrika: Oryza longistaminata, mpunga mwitu wenye mashina yanayotambaa chini ya udongo. Wakulima wa bara hili, wa Tanzania wakiwamo, huulaani kama gugu, kwa kuwa jembe likiukata chini kila kipande huchipua upya. Ukaidi huohuo ndio watafiti walioutaka. Aina hizo mbili za mpunga hazielewani, na ilibidi kiinitete kiokolewe maabara miaka ya tisini ili apatikane chotara mmoja aliyezaa ukoo wote uliofuata. Mambo hayakukamilika: mwaka wa tano mavuno hushuka, shamba hulimwa upya, na palizi ni kazi zaidi. Lakini gugu la kwetu limekwenda Uchina likarudi limesoma.

Na tende. Wasomaji wanaofuturu kwa tende watapenda kujua kwamba mbegu kongwe kuliko zote zilizowahi kuota ni kokwa zake, za miaka 2,000 hivi, zilizofukuliwa Masada na sehemu nyingine za jangwa la Yudea. Sarah Sallon na Elaine Solowey waliiotesha ya kwanza mwaka 2005. Ukatoka mtende dume, wakauita Methuselah, na dume hazai. Mwaka 2020 walitangaza mingine sita, baadhi majike, na mmoja wao, Hannah, ulipochavushwa kwa chavua ya Methuselah ulizaa tende za kuliwa. Kuna ua la Siberia ambalo Warusi walilifufua kutoka tunda la miaka 32,000, ila hilo lilitokana na nyama ya tunda iliyokuzwa maabara. Kwa mbegu iliyotiwa udongoni ikaota yenyewe, mtende haujapata mpinzani.

Bei, siku nne, na sifuri

Dawa iliyosajiliwa Marekani kwa bei kubwa kuliko zote ilikuwa Lenmeldy, mwaka 2024: dola milioni 4.25 kwa mgonjwa mmoja. Ni tiba ya jeni, hutolewa mara moja, kwa watoto wenye ugonjwa adimu unaoharibu ubongo. Rekodi hii ya bei ingeweza kupita bila kutuhusu, kama si ndugu yake Casgevy. Uingereza iliiruhusu Novemba 2023, ikawa dawa ya kwanza duniani iliyotengenezwa kwa mbinu ya kuhariri jeni ya CRISPR, na inatibu selimundu. Tanzania, inayokadiriwa kupata watoto 11,000 hadi 14,000 wenye selimundu kila mwaka, ni miongoni mwa nchi zinazoongoza duniani kwa ugonjwa huu. Bei ya Casgevy Marekani ni dola milioni 2.2, tena inahitaji hospitali yenye uwezo wa kuvuna seli za uboho na kumlaza mgonjwa wiki kadhaa. Kwa hiyo ipo, inafanya kazi, na wenye ugonjwa wengi wako mahali ambapo haipo.

Chanjo ya malaria ilikwenda njia nyingine. Ya kwanza, RTS,S, ilianza kutengenezwa 1987 na ikapendekezwa na Shirika la Afya Duniani Oktoba 2021. Ndiyo chanjo ya kwanza ya binadamu dhidi ya kimelea, na pengine iliyosubiriwa kuliko zote. Ya pili, R21 ya Oxford, ikaja miaka miwili tu baadaye. Watoto 4,800 wa Burkina Faso, Mali, Kenya na Tanzania waliijaribu. Vituo vya huku vilikuwa Kilifi na Bagamoyo. Penye malaria ya msimu ilipunguza ugonjwa kwa asilimia 75 katika mwaka wa kwanza, na penye malaria ya mwaka mzima, kama huku pwani, asilimia 68. Bei yake ni chini ya dola 4 kwa dozi. Malaria iliua watu karibu 600,000 mwaka 2023, wengi wao watoto wa Afrika wasiofika miaka mitano, kwa hiyo sentensi hiyo ya bei ndiyo yenye uzito kuliko zote katika aya hii.

Sasa twende Kampala. Septemba 2022 Uganda ilipatwa na ebola ya aina ya Sudan, ambayo haina chanjo iliyoidhinishwa. Chanjo za majaribio ziliwasili Desemba, wagonjwa wakiwa wamekwisha, na jaribio likakosa wa kujaribiwa. Waganda hawakulisahau hilo. Taratibu ziliandikwa, watu wakafunzwa, dozi zikahifadhiwa nchini. Mlipuko mwingine ulipotangazwa tarehe 30 Januari 2025, watafiti wa Makerere na wa taasisi ya virusi ya Entebbe walianza kuwachanja waliokutana na wagonjwa tarehe 3 Februari. Siku nne. Shirika la Afya Duniani lilisema halijawahi kuona jaribio la chanjo likianza upesi hivyo katikati ya mlipuko. Walilipa jina la Kiswahili, Tokomeza. Mlipuko ulitangazwa kwisha tarehe 26 Aprili, na kwa kuwa wagonjwa walikuwa wachache, jaribio lenyewe halikuweza kuthibitisha nguvu ya chanjo. Kasi ilivunja rekodi. Chanjo bado inadaiwa jibu.

Jibu lililokamilika, la ugonjwa mwingine, lilipatikana mwaka mmoja kabla, Uganda hiyohiyo na Afrika Kusini. Wasichana na wanawake 5,338 wa miaka 16 hadi 25 wasio na virusi vya UKIMWI (VVU) waligawanywa katika makundi matatu. Mawili yalipewa vidonge vya kinga vya kumeza kila siku, moja vya aina mpya na jingine vya zamani. La tatu, la wanawake 2,134, lilipewa sindano ya lenacapavir mara mbili kwa mwaka. Dawa hiyo hushika ganda linalobeba vinasaba vya kirusi, kisijengeke wala kufunguka inavyotakiwa, na ikichomwa chini ya ngozi ya tumbo hubaki pale ikitoka kidogo kidogo kwa miezi sita.

Katika kundi la vidonge vipya waliambukizwa 39. Katika la vidonge vya zamani, 16 kati ya 1,068. Katika kundi la sindano hakuambukizwa hata mmoja. Majaribio makubwa ya kinga ya VVU hayakuwa yamewahi kutoa sifuri, na Julai 2024 mtafiti Linda-Gail Bekker alipoieleza mbele ya mkutano wa UKIMWI mjini Munich, ukumbi ulisimama ukampigia makofi.

Vidonge si vibaya, vikimezwa vinakinga. Shida ni kuvimeza. Msichana wa miaka 19 anayeishi na shangazi, au na mume mwenye wivu, hawezi kueleza kichupa kinachogonga-gonga mkobani. Vipimo vya damu vilionyesha kwamba wengi katika makundi ya vidonge walikuwa hawavimezi inavyotakiwa. Sindano haina kichupa, na anayeijua ni yeye na muuguzi.

Marekani iliisajili Juni 2025 kwa dola 28,218 kwa mtu kwa mwaka. Septemba mwaka huo ilitangazwa kwamba viwanda vya India vitatengeneza nakala yake kwa dola 40 hivi kwa mwaka, kwa nchi 120, kuanzia 2027.